Muulize Fundi: Jembe Chini, Waya Umekazwa

Wasomaji wapya hupenda kuuliza mimi ni fundi wa nini hasa. Nilifanya kazi ya brekidauni miaka 26, makao yetu yakiwa Nakuru na riziki yetu ikitoka zaidi kati ya Salgaa na Mau Summit, pale malori yalipokuwa yakitushinda kwa wingi. Siku hizi magoti hayanifikishi mtaroni. Navuta vifaru vya plastiki mezani kwangu hapa mtaa wa Section 58, Nakuru, na meza yenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya madramu mawili.

Mwezi huu nimechagua barua za wasomaji wenye modeli za magari ya uokoaji peke yake: yale ya kivita yaliyoundwa kwenda kuvuta vifaru vilivyokwama au kuharibika katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mhariri analalamika kwamba ndege na meli zimesahauliwa. Zitangoja.

Fundi, salamu kutoka Webuye. Nina modeli ya Bergepanther, lile gari la Wajerumani la kuvuta vifaru, ya 1/35 (mara 35 ndogo kuliko gari la kweli). Lile jembe kubwa la nyuma sijui niligandishe likiwa juu au likiwa chini. Binamu yangu anasema likiwa juu gari linapendeza. Mimi nataka kuonyesha likivuta Tiger, kifaru kizito cha Wajerumani, iliyozama kwenye matope, na nimeshanunua Tiger yenyewe. Nisaidie kabla sijafungua gundi.

Binamu yako anataka pambo, wewe unataka kazi. Jembe likiwa juu, gari liko safarini. Likiwa chini, gari linavuta. Ukifunga waya kwenye Tiger halafu jembe ukaliacha juu, umemchora mtu anayevuta ng'ombe kwa kamba huku amesimama kwa mguu mmoja.

Acha nikusimulie. Msimu mmoja wa mvua ndefu, trela la mahindi kutoka Kitale liliacha lami pale Sachangwan likalala mtaroni. Winchi yetu ilikuwa nzima. Nikafunga waya, nikaingiza gia, ngoma ya winchi ikaanza kuzunguka taratibu. Trela halikusogea hata shibiri. Kilichosogea ni gari letu! Breki zimeshikwa, magurudumu hayazunguki, na bado tunateleza kinyumenyume kwenye lami iliyolowa, kama mbuzi anayeburutwa kwenda sokoni. Siku ile ndiyo nilielewa kwamba winchi haijui nani anamvuta nani. Waya una ncha mbili, na ncha yenye ubishi mdogo ndiyo inayokuja. Tulisimama, tukakata magogo mawili ya mkaratusi, tukachimba mfereji, tukayazika nyuma ya magurudumu. Hapo ndipo trela lilipokubali.

Wajerumani walikuwa na shida hiyohiyo, ila yao ilikuwa na uzito wa tani 57, kwa maana ya Tiger moja. Kuivuta kulihitaji matrekta matatu ya FAMO yaliyofungwa kwa msururu, yale yenye magurudumu mbele na minyororo nyuma, kila moja likikadiriwa kuvuta tani 18. Kuvuta Tiger kwa Tiger nyingine kulipigwa marufuku, maana mvutaji naye aliua gia zake, mkabaki na maiti mbili. Bergepanther ilipoanza kutoka kiwandani mwaka 1943 ilikuwa bodi ya kifaru cha Panther isiyo na kichwa (kile kibanda cha juu kinachozunguka na mzinga), na baadaye ikapewa kile kilichoifanya iwe na maana: winchi ya tani 40 iliyoendeshwa na injini ya gari lenyewe, na jembe nyuma. Sasa piga hesabu. Gari lenyewe lina tani 40 na ushei, liko juu ya matope, na waya unalivuta kwa nguvu ya tani 40. Bila jembe lingeondoka lenyewe kwenda kumsalimia Tiger.

Kwa hiyo jembe ni chini, na usiliguse tu juu ya udongo. Kata ubao wa stairofomu, chonga mfereji wenye upana wa jembe, lizamishe robo tatu, halafu ndipo umwage plasta. Hapa wengi hukosea: udongo uliosukumwa hurundikana upande wa nje wa jembe, upande unaomtazama Tiger, kwa sababu gari linavutwa kumwelekea. Upande wa ndani, kati ya jembe na minyororo, acha ufa na udongo uliochanika. Kisha chini ya minyororo yenyewe weka alama ya kuteleza, milimita nne au tano hivi. Kwenye gari la kweli hiyo ni kama sentimita 15 na zaidi, ndio ule mtelezo mdogo ambao gari huufanya kabla jembe halijauma.

Waya nao. Waya unaovuta hauna tumbo. Unanyooka kama mstari wa rula kutoka kwenye bodi hadi kwenye kulabu za Tiger. Nimeona maonyesho mazuri, rangi safi, nyuso za askari zimechorwa hadi kope, halafu waya umelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Kazi yote imekwisha hapo.

Na askari wako uwaweke mbali na waya. Mwajiri wangu mmoja, simtaji, alikuwa hanunui waya mpya mpaka wa zamani ukatike. Basi ukakatika. Tulisikia mlio kama wa bunduki, na ile ncha ikaruka ikapiga mlango wa lori letu ikaukunja kama sufuria iliyoangushwa. Tanboi wetu alikuwa ameegemea mlango huohuo dakika moja nyuma. Aliondoka kwa sababu ya mahindi ya kuchoma. Toka siku hiyo nikiona askari wa plastiki ameweka mguu juu ya waya uliokazwa, roho inaniuma. Meta kumi ni karibu sentimita 29 kwenye 1/35 na ubao wako hautafika huko, kwa hiyo wafiche nyuma ya bodi ya Bergepanther. Mmoja tu atokeze kichwa na kuinua mkono kumpa mwendesha winchi ishara.

Halafu udongo. Usiniletee murramu mwekundu. Kama mandhari yako ni Ukraine, udongo wa kule ni mweusi, na ulio karibu nao kabisa ni ule wa pamba wa nyanda za Kano. Mwombe dereva wa matatu akuletee kilo moja ndani ya mfuko, ukaushe, utwange, uchekeche kwa soksi ya nailoni. Nina debe zima hapa. Mke wangu anafikiri nimerogwa.

Mzee Fundi, niko Kondele, Kisumu. Nilipata boksi la M32, gari la Wamarekani la kuvuta vifaru, pale soko la Kibuye, kwenye mzigo wa vitu vya watoto vya mtumba. Muuzaji hakujua ni nini. Sehemu zote zipo isipokuwa waya. Nimeweka waya wa breki ya baiskeli lakini kuna kitu hakikai sawa. Pia kuna kibomba kifupi kimesimama mbele ya gari, ni bunduki au ni ekzosi?

Kijana, kwanza hongera kwa jicho. Kibuye ina mali, tatizo ni kuamka mapema.

Kinachokusumbua ni unene. Waya wa breki ya baiskeli una milimita 1.5. Zidisha kwa 35 unapata zaidi ya milimita 52, yaani waya mnene kama kifundo cha mkono wa mtoto. Hiyo ni ya kufungia meli Kilindini. Waya wa winchi wa gari la aina hii uweke kwenye milimita 25 hadi 28, kwa hiyo kwenye modeli unatafuta milimita 0.7 hadi 0.8.

Nenda kwa wale mafundi wanaosuka mota upya, omba koili ya feni iliyoungua. Wengi wataitupa tu kwenye kiganja chako. Pima nyuzi zake: nyembamba ya milimita 0.25 ndiyo nzuri. Sasa, nyuzi sita zikizunguka moja iliyo katikati hutoa unene mara tatu ya uzi mmoja. Mara tatu ya 0.25 ni 0.75. Umefika, na zaidi ya hapo una waya uliosukwa jinsi waya wa kweli unavyosukwa, nyuzi nje na moyo ndani.

Kata nyuzi saba za urefu wa mkono, kutoka bega hadi vidole, kwa sababu kusokota kunazifupisha. Ule utando wa kahawia juu ya shaba ni vanishi. Uunguze kwa moto wa gesi, nje ya nyumba, upepo ukipeleka moshi kwa wengine. Moto huo unafanya kazi mbili: unatoa vanishi na unalainisha shaba. Ikishakuwa nyekundu kidogo itumbukize kwenye maji. Shaba haikasiriki ikipozwa ghafla, si kama chuma. Futa masizi kwa msasa mlaini uliochakaa.

Ncha moja ya nyuzi zote saba ibane kwenye jiriwa, au kwenye droo ikifungwa vizuri. Ncha ya pili itie kwenye drili ya mkono. Vuta kidogo, zungusha polepole, huku uzi wa katikati ukiuweka umekazwa kuliko wenzake. Utaona mistari ya mshazari ikianza upande wa drili na kutembea kuelekea kwenye droo, kama sisimizi waliopanga foleni. Ikifika mwisho, acha kuzungusha, sasa vuta kwa nguvu mara moja, mkupuo mmoja, mpaka uhisi waya umekataa. Shaba ikivutwa hivyo inakuwa ngumu na inanyooka yenyewe. Ukitaka kipande cha kulazwa kwenye mviringo ubavuni mwa gari, kirudishe kwenye moto kilainike tena.

Usiuache rangi ya shaba, wala usiupake rangi ya kutu ya machungwa kama paa la mabati. Waya unaofanya kazi unapakwa grisi, na grisi inashika vumbi. Paka kijivu kilichokolea, halafu kwa penseli laini sugua juu juu tu, pale nyuzi zinapojitokeza. Pale tu. Ukimaliza vidole vyako viwe vyeusi. Vikiwa safi hujasugua.

Kuhusu upande wa kutoa waya, hapa usimwige yule ndugu wa Webuye. Mjerumani huvutia nyuma, Mmarekani wa M32 huvutia mbele. Winchi yake imekaa ndani ya bodi nyuma ya dereva, uwezo wake ratili 60,000, yaani tani 27 hivi, na waya unatokea mbele. Zile nguzo mbili zilizounganishwa kama herufi A ni kreni, na gari likiwa safarini hulazwa kuelekea nyuma. Kichwa kile cha duara nacho hakizunguki, kimeunganishwa moja kwa moja na bodi. Ukikiacha kizunguke umeharibu.

Kibomba si ekzosi. Ni mzinga mfupi wa milimita 81 wa kurushia mabomu ya moshi. Fikiria kazi yenyewe: kifaru kimekwama mbele ya adui, wewe unakwenda polepole kufunga kulabu, mikono yote miwili ina shughuli. Unatupa moshi kwanza. Sisi Salgaa tulikuwa na matawi ya miti tu, tuliyotandaza barabarani kuwaonya wenye mabasi, na hawakuyaona.

Niko Milimani, Kisumu. Kila nikipuliza rangi ya kijani jioni, asubuhi naikuta ina ukungu mweupe kama imepakwa unga. Nimebadilisha rangi mara tatu.

Badilisha saa, si rangi. Thina inapokauka inapoza uso wa plastiki, na hewa ya ziwa jioni, tena mwezi wa Aprili, imejaa maji. Maji yale yanatua kwenye rangi mbichi na kukwama humo. Mimi Nakuru niko juu, meta 1,850 hivi, wewe uko kama meta 1,130 na ziwa liko mlangoni. Puliza kati ya saa tano na saa nane mchana siku isiyo na mawingu. Ile iliyokwisha haribika usiikwangue: siku kavu, puliza thina tupu kwa mbali, nyembamba mno, mara mbili, na ukungu mwingi utaondoka. Ila kama thina yako ni ile ya rangi za magari, ijaribu kwanza kwenye vipande vya fremu vilivyobaki. Inakula plastiki. Mimi niliyeyusha mlango wa kifaru cha Churchill mzima kwa kiburi cha kutojaribu.

Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, Bungoma. Toleo lililopita uliandika kwamba Bergetiger ilikuwa gari la kuokolea Tiger wenzake. Nadhani umepotoka. Kreni ile ni nyembamba mno.

Mwalimu, nimepotoka, tena nimepotoka hadharani. Niliandika nikitazama kifuniko cha boksi. Tiger ile iliyotolewa bunduki na kuwekewa kreni juu ya kichwa ilipatikana Italia mwaka 1944, ikiwa ya kikosi cha 508, na jina la uokoaji lilitokana na sura yake. Wachunguzi wengi leo wanaona ilikuwa ya kubebea na kuweka baruti mahali pa kulipuliwa. Nami ningejua bila kuambiwa na mtu: haina jembe, na kreni ile ukiifunga kwenye kifaru cha tani 57 itakunjika kama kijiti cha mshikaki. Watengenezaji wa modeli bado wanaandika jina la zamani kwenye boksi kwa sababu linauza.

Kwa kuwa umenishika shati, nikupe fidia. Tafuta M31, ile iliyojengwa juu ya kifaru cha M3 Lee. Takom wanaitengeneza kwa 1/35. Ina mzinga wa milimita 75 ubavuni ambao ni uongo mtupu, bomba lililobandikwa ili adui asijue kwamba gari halina meno, na bomba hilo limeshikizwa kwenye mlango. Ukifungua mlango, mzinga unaondoka nao! Tengeneza mlango ukiwa wazi. Ndiyo modeli pekee rafuni kwangu inayowachekesha wageni.

Shikamoo Mzee. Naandika kutoka Mbale, Vihiga. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika wa huku), akaenda Burma, na nyumbani walisema alikuwa fundi wa magari. Alifariki nikiwa mdogo. Mwanangu ana miaka 12 na anataka kutengeneza "gari la kuka", yaani la babu. Anunue lipi? Na hiyo gundi haitamdhuru mtoto?

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Anza na sanduku la nyumbani kabla ya duka. Tafuta cheti chake cha kuondoka jeshini. Kama kimeandikwa KAR peke yake, alikuwa kwenye kikosi cha askari wa miguu. Kikiwa na herufi EAEME, hao ndio mafundi wa umeme na mitambo wa Afrika Mashariki, ndugu wa REME ya Waingereza iliyoundwa Oktoba 1942. Kazi yao ilikuwa hii hii ya kwangu: kutengeneza kinachotengenezeka na kuvuta kisichotengenezeka.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua za masika za kule, ambazo si mvua za Vihiga. Barabara iligeuka uji, malaria ikaua na kulaza watu, na kila lori lililopita lilichimba shimo la lori linalofuata. Desemba walishika ng'ambo ya mto Chindwin, na pale Kalewa likajengwa daraja la Bailey, lile la vyuma vya kuunganishwa, lenye urefu wa zaidi ya meta 350. Sasa mwambie kijana afikirie kila kilichovuka pale, na kila kilichokwama kabla ya kufika, halafu afikirie nani aliyeitwa kukitoa.

Kwa hiyo usimnunulie kifaru. Mnunulie Scammell Pioneer, brekidauni nzito ya jeshi la Uingereza, yenye injini ya dizeli ya Gardner, kreni ndogo nyuma na winchi. Haina deraya, na wapenzi wa vifaru wataniandikia kulalamika, lakini kwangu ni gari lenye akili kuliko yote ya wakati wake. Magurudumu ya nyuma ya kila upande yamefungwa kwenye mkono mmoja unaobembea katikati kama mizani ya muuza nyama. Gurudumu moja likipanda juu ya jiwe, la pili linashuka shimoni, na yote mawili yanaendelea kukanyaga. Thunder Model wametoa ya 1/35. Vipande ni vingi na vingine ni vidogo kama punje ya mtama, basi afanye na mtu mzima pembeni, na mkono ule unaobembea asiugandishe. Auache ubembee. Akimaliza aupitishe juu ya kalamu aone.

Boksi likifika kutoka ng'ambo kuna ushuru, weka akiba ya shilingi mapema usije ukaliacha kaunta.

Gundi ya plastiki nyembamba ina asetoni; haibandiki, inayeyusha kingo mbili zikawa moja. Harufu yake si ya kuvutwa. Dirisha wazi, jiko na koroboi mbali, chupa ikae ndani ya kikombe kizito ili isipinduliwe, maana itapinduliwa. Supagluu mfungie kabatini. Kisu ashike wewe ukiwepo, na akate kuelekea mbali na kidole gumba. Na kama kwenye sanduku la babu kuna picha amesimama na gari, nitumie nakala kupitia kwa mhariri. Nitazame magurudumu ya nyuma.

Fundi, mimi nakaa Dunga, nipo kidato cha tatu. Niliona picha ya kifaru chenye pua kama mashua kikitoka majini. Rafiki zangu wanasema ni cha kutengenezwa kwa kompyuta. Kipo kweli? Naweza kukitengeneza?

Kipo. Kinaitwa BARV, gari la kivita la kuokolea magari ufukweni, na wewe wa Dunga ndiye mwenye haki nacho kuliko sisi wa nchi kavu. Ni Sherman, kifaru cha Wamarekani, ya dizeli iliyotolewa kichwa ikajengewa kibanda kirefu cha chuma chenye ncha mbele, ili isimame kwenye maji ya kina cha meta 2.7. Waingereza waliitumia Normandy tarehe 6 Juni 1944. Dizeli ilichaguliwa kwa sababu haisumbuki sana ikipozwa ghafla na maji. Kazi yake ilikuwa kuvuta magari yaliyozimika kwenye mawimbi, na kwa pua yake kusukuma vyombo vya kushushia askari vilivyokwama mchangani, kama mnavyosukuma mashua nyinyi, ila kwa bega la tani 28. Mmoja wa wafanyakazi wake alikuwa mpiga mbizi, wa kushuka chini kufunga waya. Kazi hiyo nisingeichukua kwa mshahara wowote.

Kwa kuwa bado uko shule na pesa si nyingi, tafuta boksi rahisi la M4A2, yaani ile Sherman ya dizeli, na ujenge kibanda mwenyewe kwa karatasi za plastiki. Vifuniko vya ndoo za rangi ni vibaya kwa hili, havishiki gundi. Tumia plastiki ya mabango ya matangazo kama ni polistairini. Jaribu kwa tone moja la gundi: ikiyeyuka, inafaa.

Maji ya meta 2.7 kwako ni sentimita 7.7 kutoka ardhini. Chora mstari huo kwa penseli kabla ya kupaka rangi, chini yake paka rangi nzito zaidi iliyolowa, na juu yake kidogo weka mkanda mwembamba wa weupe uliopauka, kwa sababu ile ni bahari na bahari inaacha chumvi. Ziwa letu halina chumvi, usiende kunakili mashua za Dunga. Na gugumaji usiweke.